Rangi Ambazo Hakuna Aliyezichagua

Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyethubutu kumwambia Profesa Horacio Zubeldía kwamba rangi zake zinadanganya. Yanina Bertolotti aliamua kumwambia Jumamosi moja ya Julai, mbele ya watu, katika chumba cha nyuma cha klabu ya bocha, mchezo wa kuviringisha mipira, huko Bahía Blanca. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, wiki nzima hakulala vizuri, na hakuwa na hamu ya kumbembeleza mtu yeyote, awe profesa au askofu.

Watu wenyewe walikuwa wanne tu, walezi wa Tero. Tero ni programu ya kuchora grafu na ramani, imepewa jina la yule ndege wa nyika asiyejua kunyamaza. Haiuzwi. Profesa aliiandika peke yake enzi akifundisha chuoni, akaigawa bure, na leo ukiingia ofisi nyingi za kusini zinazopima kitu, kiwe maji, ngano au upepo, ramani iliyoko ukutani imechorwa na Tero. Wengine watatu walijiunga baadaye. Kulikuwa na Yanina; kulikuwa na Ingrid Kessler, mwanamke wa vijiji vya walowezi wa Kijerumani anayesema maneno ishirini kwa siku; na kulikuwa na Lautaro Pereyra, ambaye husema yote aliyoyabakiza Ingrid. Hakuna anayelipwa senti, lakini wakianza kubishana utadhani wanagombea urithi.

Ukiipa Tero jedwali la vipimo na usiseme neno, inakuchagulia kila kitu: unene wa mstari, ukubwa wa herufi, rangi. Na watu hawasemi neno. Hilo Yanina alikuwa amelijua kwa miaka kumi na moja ya kujibu barua zao. Hakuna anayechagua rangi. Mhandisi ana haraka, mkubwa wake anataka ramani kabla ya chakula cha mchana, anabonyeza, inatoka. Kinachotoka ni kile alichokichagua mtu mwingine, zamani, mahali pengine. Upande wa rangi mtu huyo alikuwa Profesa, na alichokichagua ni upinde wa mvua. Kiasi kidogo kabisa ni buluu iliyokoza, kisha kijani, katikati manjano inayong'aa, na kingi kabisa ni nyekundu iliyokoza. Ilipendeza. Yanina mwenyewe aliipenda alipokuwa mwanafunzi, na hilo nalo lilimuuma.

Walezi hawa wana desturi yao. Kando ya kila kitu ambacho programu inakichagua yenyewe limeandikwa jina la mtu aliyekipendekeza, ili mwenye malalamiko ajue mlango wa kubisha. Na vitu hivyo havibadilishwi ovyo ovyo. Hubadilishwa tu linapotoka toleo jipya kabisa, jambo linalotokea mara moja katika miaka kumi hivi. Siku hiyo husomwa kwa sauti kimoja kimoja, na kila mlezi husema "ipite". "Hapana" moja tu inatosha kukiangusha. Aliyeitunga sheria hiyo ni Profesa mwenyewe, siku ambazo hakuna aliyewaza kumwambia hapana.

Toleo la nne lilikuwa litoke Jumatatu saa sita mchana. Idara moja ya maji ilikuwa inalisubiri ichore upya visima vya miji arobaini na mmoja. Yanina alikuwa na orodha ya miji hiyo, na katika mmojawapo ndipo alipozaliwa.

Colonia Etcheto ni mji wa mitaa kumi na miwili, kituo cha treni kisicho na treni, na zahanati moja. Maji ya chini ya ardhi yana aseniki, sumu isiyo na ladha wala harufu, pampu hii kidogo, pampu ile nyingi. Miaka tisa nyuma wahandisi walikuja wakapima pampu zote, wakachora ramani kwa Tero, wakaondoka. Ramani ya rangi iliwekwa kwenye fremu ofisini kwa meya. Mlangoni mwa zahanati ilibandikwa kopi, na mashine ya kopi ya Etcheto inajua nyeusi na nyeupe basi. Tena karatasi ilikuwa pana kuliko mashine, kwa hiyo ule ufunguo wa pembeni unaoeleza rangi ipi ni kiasi gani ulikatwa wote.

Yanina aliiona Januari alipokwenda kumsalimia mama yake. Alisimama mbele ya mlango ule na mkate mkononi, akaisoma mara mbili. Kwenye kopi, buluu iliyokoza na nyekundu iliyokoza zilikuwa zimetoka kijivu kile kile cha gizagiza. Pampu safi kuliko zote na pampu mbaya kuliko zote zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Katikati, manjano ilikuwa imetoka nyeupe. Mji mzima uliisoma karatasi ile jinsi ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angeisoma, kwamba palipo peupe ndipo pasafi. Muuguzi naye ndivyo alivyowaelekeza. Kwa hiyo miaka tisa watu wa pande zote za mji walibeba madumu kwenda mtaa wa San Lorenzo, kwenye weupe, ambako aseniki ilikuwa mara nane ya kiwango kinachoruhusiwa.

Mama yake, Nilda, alikuwa na pampu ya buluu hatua kumi na tano kutoka mlangoni. Kila asubuhi aliipita na dumu lake. Yanina alipomuuliza nani alimwambia kwamba nyeupe ni safi, mama alimtazama kwa huruma, akihofia labda shule nyingi zimemharibu.

"Sasa nyeupe ikiwa ndiyo chafu, mwanangu, nyeusi tuiite nini?"

Viganja vyake vilikuwa vimeota ngozi ngumu, vinundu vinundu, hata kisu cha jikoni alikishika kwa shida. Daktari wa mjini alivigeuza, akaandika jina refu, akasema aache maji yale leo hii. Kuhusu maji yaliyokwisha kunywewa hakusema kitu. Yanina aliibandua ile karatasi mlangoni kwa mikono yake, muuguzi akimfokea kwamba hiyo ni mali ya serikali, akaitia mkobani. Kwenye basi alilia mpaka Bahía Blanca. Baadaye machozi yalikauka, hasira ikabaki, na mpaka Julai ilikuwa haijapoa hata kidogo.

Miezi hiyo yote aliitumia kutengeneza rangi nyingine. Zinaanza na weupe wa maziwa, zinaingia kwenye karameli, zinaishia hudhurungi iliyokaribia kuwa nyeusi, na hakuna mahali zinaporudi nyuma. Uichapishe ramani kwa mashine mbovu, uitazame bila miwani, uukate ufunguo ukipenda. Palipokoza zaidi ndipo palipo na kingi zaidi. Habari za mama yake hakumwambia mlezi hata mmoja. Alitaka rangi zishinde kwa haki, asije akaambiwa kwamba wamemwonea huruma.

Siku ya kikao Ingrid ndiye aliyekuwa anamimina. Alizungusha kwa zamu kibuyu cha yerba, chai ya majani inayofyonzwa kwa mrija, Lautaro akawa anasoma orodha huku mdomo umejaa mkate mtamu. Unene wa mistari, ipite. Ukubwa wa herufi, ipite. Nafasi kati ya nukta na maandishi, ambayo katika toleo lililopita ilileta ugomvi wa wiki tatu, ikapita bila mtu kuinua kichwa.

"Rangi za ramani," Lautaro akasoma. "Upinde wa mvua. Aliyechagua, Zubeldía."

"Ipite," akasema Profesa, mkono tayari umenyooka kupokea kibuyu.

"Ipite," akasema Ingrid.

"Hapana," akasema Yanina.

Lautaro alipaliwa na mkate. Profesa hakukasirika, alitabasamu, na tabasamu hilo lilimkera Yanina kuliko ambavyo matusi yangemkera. Alimuuliza kwa upole ana nini mkononi. Yanina akaigeuza kompyuta yake, akaonyesha ramani ya mvua iliyochorwa kwa rangi mpya, akaeleza kwamba manjano ya upinde wa mvua inang'aa kuliko nyekundu, na jicho hukimbilia kinachong'aa. Kwamba mahali manjano inapoanza watu huona mpaka ambapo hapana mpaka wowote. Kwamba mtu asingeweza kubuni njia bora ya kupotosha vipimo hata kama angelipwa. Profesa alisikiliza yote, miwani juu ya paji la uso.

"Kahawa ya maziwa," akasema mwishowe. "Mwanangu, mimi nilianza wakati kompyuta inachora kwa nyota na alama za kujumlisha. Siku nilipopata kioo cha rangi nilimwita mke wangu aache sufuria jikoni aje aone. Watu waliipenda ramani kwa mara ya kwanza maishani mwao. Leo wewe unanirudisha matopeni?"

"Nakurudisha kwenye ukweli, Profesa."

"Basi na mimi ninayo hapana yangu. Ya kwako nayo haipiti."

Ilibidi Lautaro aisome sheria. Kitu kikikosa chaguo lililokubaliwa, Tero husimama, humwonyesha mtumiaji orodha ya rangi zote, na yeye huchagua. Alipofika hapo sauti ilimpungua, kwa sababu alijua kilichokuwa kinakuja. Orodha hupangwa kwa alfabeti, na upinde wa mvua kwa lugha yao huanza na A. Wa kwanza kabisa. Na mtu mwenye haraka hubonyeza cha kwanza.

Profesa alifyonza mrija mpaka ukakoroma. Alikuwa amempiga chenga kwa sheria yake mwenyewe, na alijua, na Yanina alijua kwamba anajua. Miji arobaini na mmoja ingepata tena buluu na nyekundu, na milangoni mwa zahanati zake kungebandikwa tena kijivu na kijivu.

Hapo akaitoa ile karatasi mkobani, akaitandaza mezani juu ya makombo, akaeleza ilitoka wapi na watu waliisomaje. Ingrid aliinama akaitazama kwa karibu. Profesa aliitazama kwa mbali.

"Ramani bila ufunguo si ramani," akasema. "Ufunguo umekatwa, mimi nifanye nini? Nikawafundishe kutumia kopi? Ni nani hao wanaosoma karatasi hivi hivi tu, bila kuuliza?"

Yanina hakuwa amekusudia kusema. Alijisikia anasema.

"Mama yangu."

Akaona ameshavuka, basi hakumung'unya tena maneno. Akawaambia habari za dumu, za pampu ya hatua kumi na tano, za viganja, za daktari na jina lake refu. Alipomaliza alikuwa amesimama, na hakukumbuka alisimama saa ngapi.

"Sisemi ulifanya makusudi. Nasema jina lililoandikwa pale ni lako. Uliandika mwenyewe kwamba mwenye malalamiko akabishe mlangoni kwako. Mama haandiki barua, Profesa. Nimebisha mimi."

Uso wa mzee ulikuwa umeiva. Alisema kijiji kimoja si ushahidi. Alisema huwezi kutupa ramani za miaka thelathini kwa ajili ya mashine moja ya kopi iliyochoka, na kwamba watumiaji watawaandikia matusi, na kwamba yeye katika maisha yake yote hajawahi kukutana na mtu aliyedhurika na rangi. Alilishikia bango hilo, kwamba hajawahi kukutana naye. Mwisho akaipiga meza kwa mkono.

"Haya, nionyeshe huyo mama."

Alisema ili kumfunga mdomo. Yanina alikuwa anavaa koti tayari.

"Kesho saa mbili asubuhi. Gari lako au basi?"

Akamrudishia Ingrid kibuyu, akasema asante, na kwenye meza za huko ukisema asante maana yake usinimiminie tena. Akatoka. Orodha ilikuwa haijafika hata nusu.

Lautaro alimkuta nje kwenye uwanja wa bocha, upepo unapeperusha vumbi jekundu. Alimuuliza, safari hii bila mzaha, atafanya nini mzee akikaza shingo hata mbele ya mama.

"Kila kitu chenye jina lake nitakiambia hapana," akasema Yanina. "Mistari, herufi, nukta. Mpaka Jumatatu Tero isiweze kuchora hata duara."

"Utaiua, dada."

"Nimeilea miaka kumi na moja. Kama kazi yake ni kumpeleka mama yangu San Lorenzo, na ife."

Asubuhi Profesa alikuja na gari lake la zamani, amevaa tai. Njia nzima, mwendo wa saa tatu, alizungumzia baridi kali, ngano na timu yake iliyoshuka daraja. Rangi hakuzigusa. Yanina aliitikia palipohitaji kuitikiwa na kutazama nyaya za uzio zikipita dirishani. Alikuwa na hofu, si ya mzee, bali ya mama, maana jana alipompigia simu na kumweleza yote, Nilda alisema "mlete" na kukata.

Huko mgeni hupokewa kwa busu la shavu, hata kama ndiyo kwanza mnaonana. Nilda hakumbusu. Alimpa mkono, akaushika wa Profesa, akauzuia kiganjani mwake muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Profesa alitazama chini, kwenye kile kiganja, kisha akatazama kando.

Akawakaribisha jikoni. Mezani palikuwa na glasi mbili, zimejaa maji mpaka karibu na ukingo, zinafanana kwa kila kitu. Mama alimvutia Profesa kiti mbele yake, yeye akakaa upande wa pili. Yanina akabaki ameegemea mlango, hakujua mama amepanga nini na hakupenda kutojua.

"Umetoka mbali, Profesa, lazima una kiu," akasema Nilda. "Glasi moja nimeichota San Lorenzo. Nyingine nimeichota pale nje, pampu unaiona dirishani. Karibu unywe."

"Ipi ni ipi, bibi?"

"Wewe ndiye msomi."

Profesa alicheka kidogo, peke yake. Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Akaiinua glasi ya kwanza akaielekeza dirishani, akaiinua ya pili, akaziweka pamoja. Akanusa moja. Akanusa na nyingine. Mtu aliyepima vitu maisha yake yote alikuwa anatafuta cha kushika na hakukipata.

"Hayana rangi," akasema polepole.

"Hayana," akasema Nilda. "Rangi mlituletea ninyi."

Yanina alifungua mdomo, mama akamnyamazisha kwa jicho. Nje jirani alikuwa anapiga pampu, chuma kinalia, kinanyamaza, kinalia tena. Profesa aliweka mikono magotini. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo ingawa jikoni mlikuwa na baridi.

"Mimi nilichagua kila asubuhi kwa miaka tisa," mama akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nikasoma karatasi yenu nikachagua. Wewe nakuomba uchague mara moja tu, halafu nitakuandalia chakula."

Mkono mmoja wa Profesa ulipanda mezani ukafika karibu na glasi ya kushoto, ukasita, ukarudi. Hatimaye akazisogeza zote mbili mbali naye, kwa uangalifu, asimwage hata tone, akamwomba Yanina simu kwa sababu ya kwake haikushika mtandao huko. Akampigia Lautaro. Akamwambia rangi za Yanina zipite, ziandikwe jina la Yanina, na upinde wa mvua ushushwe mwisho kabisa wa orodha, anayeutaka autafute. Lautaro aliuliza kitu, yeye akajibu ndiyo, Jumatatu, saa sita, kama ilivyopangwa. Kisha akaiweka simu kifudifudi mezani.

Yanina alikuwa ameshinda, na alitamani afurahi. Alimtazama mama yake, aliyekuwa hajaondoa macho kwa mgeni.

"Nisamehe, bibi," akasema Profesa. "Sikuweza kunywa."

"Nimeona," akasema Nilda. "Sisi tulikunywa."